Picha ya Mikoba ya Buluu

Kwetu siku hizi mtu akitoa anataka kuona. Usimlaumu. Tangu vita vianze wamepita matapeli wa kila namna, wakilia machozi ya mamba nje ya maduka, wakikusanya soksi za askari na kuziuza sokoni wiki hiyo hiyo. Ndiyo maana ukipokea hata penseli moja ya mtoto wa kule mstari wa mbele, unadaiwa picha: penseli iko mkononi mwa mtoto, na mtoto anacheka. Bila picha wewe ni mwizi tu, hata uape mpaka sauti ikauke.

Yarina aliijua desturi hiyo barabara. Alikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, na majira yote ya joto yeye na mwenzake Lukyan walikuwa wakikusanya vifaa vya shule kwa ajili ya watoto wa kijiji cha Hlynivka. Lukyan alikuwa na vitu viwili ambavyo Yarina hakuwa navyo: gari kuukuu la mizigo aliloachiwa na babu yake, na mdomo usiochoka. Yeye ndiye aliyeendesha ukurasa wao mtandaoni. Waliweka maboksi mlangoni mwa bweni, kwenye kantini, hata kanisani, na watu wakaleta walichokuwa nacho. Daftari zikaja, na kalamu za rangi zilizokwisha nusu, na vichongeo, na rula. Mzee mmoja alileta kodiani. Lukyan akamuuliza, "Babu, nani alikuomba kodiani?" Mzee akajibu kwamba mtoto asiyejua kuimba hata hesabu hatazijua, akaondoka zake.

Mwishoni mwa Agosti akajitokeza Bwana Zenoviy, mwenye duka la vifaa vya ofisini, akatoa mikoba mipya ya buluu, mmoja kwa kila mtoto wa Hlynivka. Ila naye alishawahi kuibiwa na hao matapeli, kwa hiyo alisema wazi: anataka kuiona mikoba migongoni mwa watoto, kwenye mwanga mzuri, la sivyo atawataja hadharani.

Kwa Yarina, Hlynivka haikuwa jina tu kwenye ramani. Alizaliwa huko, na mama yake, Hanna Petrivna, alikuwa bado huko, akifundisha chini ya ardhi katika handaki la ghala la zamani la matufaha. Miaka mitatu Yarina alikuwa akimbembeleza ahame. Miaka mitatu jibu lilikuwa lile lile: watoto wote wakiondoka, nami nitaondoka, mtoto mmoja akibaki, nipo. Na wazazi nao walikuwa wakisema, mwalimu akiondoka nasi tutaondoka. Basi wakashikana hivyo, huyu kamng'ang'ania yule, na mabomu yanapita juu.

Walifika mchana wa tarehe thelathini na moja. Kesho yake ilikuwa tarehe mosi Septemba, siku ya Kengele ya Kwanza, ya kufungua mwaka wa shule, ambayo kwetu hata mlevi huvaa shati safi. Hanna Petrivna alikuwa mlangoni pa ghala akipangusa mikono kwenye sketi.

"Umekonda," alimwambia binti yake kabla hata ya salamu.

"Na wewe umezeeka, mama. Twende zetu mjini."

"Haya, umeanza."

"Sijaanza. Naendelea."

Mama akacheka, akamvuta, akambusu paji la uso. Kule chini watoto walikuwa wanasubiri kwenye mabenchi, wamechanwa nywele, wametulia kwa utulivu ule usio wa kawaida wa watoto waliozoea kusikiliza. Mikoba ilipotoka kwenye maboksi utulivu uliisha. Mmoja alinusa zipu. Mwingine aliuvaa mkoba akakataa kuuvua hata kwa kukaa, akaketi pembeni ya benchi kama kobe. Yarina akaenda kona ya nyuma kusaidia kugawa daftari, na alipoinua macho aliona mgongo wa mama yake, ulivyopinda, na blauzi ilivyolegea mabegani. Alitumia muda wote uliobaki akimwangalia mama, wala hakujua Lukyan alikuwa wapi.

Sasa, wale wawili walikuwa na sheria yao, waliyojitungia wenyewe baada ya kusikia yaliyowapata wengine: picha haiendi mtandaoni mpaka jicho la pili limeiona. Lukyan akipiga, Yarina anakagua. Isionekane barabara, isionekane bwawa, isionekane kitu chochote ambacho adui anaweza kukiweka kwenye ramani. Na kijijini humo hapakuwa na mtandao tangu mnara upigwe mwezi wa Julai. Mtu akitaka kupiga simu alipanda kilima cha makaburini na kuomba Mungu. Kwa hiyo walipoondoka na kupita kizuizi cha askari, simu zikaanza kulia mifukoni, na Lukyan huku mkono mmoja uko kwenye usukani akamtumia Yarina zile picha. Yarina alikuwa amegeuza uso dirishani, akijifuta macho kwa kiwiko. Simu ikatetemeka mapajani mwake. Akaandika "sawa." Hakufungua hata moja.

Walisimama kituo cha mafuta cha njia panda, kwa sababu kwetu hakuna mtu anayepita kituo cha mafuta bila kula soseji ndani ya mkate, hiyo ni karibu ibada. Lukyan alikuwa na furaha. Aliweka haradali nyingi mpaka ikamdondokea kiatuni.

"Angalia," alisema kwa kinywa kilichojaa. "Bwana Zenoviy kaandika mwenyewe: 'Sasa nimeamini.' Watu wanalia huko. Hatujawahi kupata mioyo mingi hivi."

Yarina alifungua ukurasa wao, akitabasamu. Picha ya kwanza, mikono ya mtoto juu ya daftari. Ya pili, zipu. Ya tatu, mkoba juu ya benchi. Ya nne, watoto wamesimama mstari mlangoni pa ghala, kwenye jua, nyuso zimefichwa kwa vibandiko vya maua, mikoba ya buluu inang'aa. Na juu ya vichwa vyao, ukuta mzima, mchoro wa vigae vya rangi wa mwanamke aliyekumbatia ua la alizeti. Na chini Lukyan ameandika kwa mbwembwe zake: Kesho saa tatu asubuhi, Kengele ya Kwanza italia hapa hapa.

Vigae vile viliwekwa zamani za mashamba ya ushirika ya Wasovieti, na katika wilaya tatu hakuna ukuta mwingine kama ule. Wenyeji wanamwita Mama wa Alizeti. Akateremka kwenye maoni, akiomba asikute anachokiogopa, akakikuta. Mwanamke mmoja aitwaye Nadiya alikuwa ameandika: "Jamani, hilo si ghala letu la matufaha, Hlynivka? Nilipiga picha za harusi yangu kwenye ukuta huo. Nimekaa hapa Ujerumani nalia. Mungu awalinde." Chini yake wenzake wa kijiji, waliotawanyika dunia nzima, wamemiminika kwa furaha. Ndilo lenyewe. Mnakumbuka mlango wa nyuma, ule wa upande wa bwawa? Tulikuwa tunaiba matufaha kupitia hapo.

Watu wa kwetu ndivyo walivyo. Mwonyeshe mkimbizi tofali moja la kijijini kwake, atakuelekeza njia mpaka jikoni.

"Lukyan," Yarina alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa nini uliwatoa nje?"

"Kule chini mikoba ilionekana myeusi. Zenoviy alitaka mwanga. Dakika moja tu, walipokuwa wanatoka kwenda kwao, mama yako mwenyewe alikuwa chini anapanga mabenchi, wala hakuona." Akamtazama. "Nini?"

"Huo ukuta."

"Ukuta ni ukuta."

"Kwako wewe mtu wa mjini. Soma maoni."

Lukyan alisoma. Soseji ikashuka polepole ikatulia juu ya meza ya bati. Akaanza kubonyeza simu kwa vidole vyenye haradali, na picha ikafutika. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Watu walikuwa wameshaisambaza, na mmoja wa waliosambaza hakuwa na jina wala sura, ukurasa wake umefunguliwa mwezi huo huo, na hakuwa na kitu kingine humo ila picha za madaraja na maghala.

"Nilikutumia," Lukyan alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Nilikutumia zote, Yarina. Ukasema sawa."

"Najua nilichosema."

Lori la jeshi likapita.

"Labda hawataiona," Lukyan akasema. "Wana mambo mengi. Watapoteza bomu kwa watoto kumi na tisa?"

"Lile la hospitali walilipoteza kwa wangapi?"

Lukyan aliisukuma soseji kando. Halafu akasema jambo ambalo Yarina alilikumbuka kwa muda mrefu, na wala hakulisema kwa ubaya, alilisema kama mtu anayetafuta pa kushika. "Tukiwaambia, shule inafungwa. Wakubwa wa wilaya wanatafuta sababu tu. Mama yako ataondoka. Si ndicho ulichokitaka siku zote?"

Yarina alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni, kwa sababu wazo hilo lilikuwa limeshampitia kichwani kabla ya Lukyan kulitamka. Lilimpitia upesi, kama panya ukutani, lakini alikuwa ameliona.

"Washa gari," alisema.

Kizuizini askari aliwatambua, akashangaa. Alikuwa mtu wa makamo mwenye meno mabovu na macho mekundu ya kukosa usingizi. Yarina alimweleza bila kuficha. Askari alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Nyie wasomi," alisema. "Nilidhani Mungu amewapa akili aliyotunyima sisi, kumbe amewanyima pia."

"Mna redio hapo. Waambieni."

"Redio yangu inaongea na askari, haiongei na mama zenu. Nitawaarifu wakubwa, na wakubwa watauliza nani yuko karibu ana gari. Sasa nani yuko karibu ana gari?" Akainua kizuizi. "Mkiingia saa hizi, hamtoki mpaka kesho asubuhi. Na mpite chini ya nyavu, msisimame hata mkibanwa na mkojo."

Wakapita chini ya nyavu zilizotandazwa juu ya barabara kuzuia droni, nyavu za kuvulia samaki zilizotumwa na watu wa mbali, jua linapenya matundu na kuchora gari zima. Lukyan aliendesha amekunja mabega. Hakuongea neno, na kwa Lukyan hilo lilikuwa jambo la kutisha.

Hanna Petrivna alikuwa ghalani akipamba meza kwa maua. Alipowaona alifungua mdomo kufanya mzaha, akauona uso wa binti yake, akaufunga.

"Sema."

Yarina alisema. Alitaja picha, ukuta, saa tatu, maoni ya Nadiya, yule mtu asiye na sura. Lukyan akajaribu kuingilia, "Mwalimu, ni mimi niliyeweka," lakini Yarina akamkata: "Nami ndiye niliyeruhusu bila kuangalia. Mama, ilikuwa kazi yangu kuangalia."

Mama hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alichukua maua kutoka mezani, akayashika tu, maji yanamdondokea viatuni.

"Miaka mitatu," alisema. "Sijamruhusu mtoto hata mmoja acheze mbele ya huo ukuta. Miaka mitatu tunaingia kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kama wezi."

"Najua, mama."

"Hujui. Ungejua ungefungua macho." Akayaweka maua chini. "Haya. Jua halijazama bado. Tugawane nyumba."

Wakagawana. Kila mlango ulikuwa na maumivu yake. Akina mama walikuwa wanapiga pasi mashati ya kutarizi kwa pasi za makaa, maana umeme ulishasahaulika. Watoto walikuwa wamelala kitandani na mikoba yao. Wapo waliolia, wapo waliotikisa kichwa tu, mmoja akamkaribisha chai. Stepan, baba wa mapacha, alimsikiliza Yarina akiwa amesimama kizingitini na koleo mkononi.

"Nani aliyeweka?" aliuliza.

"Sisi. Mimi na mwenzangu."

"Nyie mliosoma ili muwafundishe watoto wetu." Aliitazama ardhi. "Mikoba mizuri, sikatai. Lakini binti, mimi ningewanunulia mapacha mfuko wa nailoni, wakaenda shule wakarudi." Kisha akasema kwamba handaki la nyumba yake ni kubwa, watoto wote waletwe kwake alfajiri, wasitawanyike. Alikuwa na hasira, lakini hakuwa mtu mbaya.

Giza lilipoingia walikuwa wamezifikia nyumba zote isipokuwa moja. Bibi Motrya na mjukuu wake Ulyana, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza darasa la kwanza, waliishi ng'ambo ya kijito, na askari walikuwa wamefunga daraja kwa sababu droni zilikuwa zikizunguka juu yake kama nzi. Mchana huo bibi mwenyewe ndiye aliyemleta mtoto kuchukua mkoba, kisha akapotelea vichakani. Hana simu. Na njia yake hakuna aijuaye: kila siku hubadilisha, leo bondeni, kesho kwenye matete, na wala hamwambii mtu, ndiyo maana bado yu hai. Usingeweza kumfuata kwake wala kumvizia njiani. Palikuwa na mahali pamoja tu ambapo ungemkuta kwa hakika, napo ni mlangoni pa ghala, kabla ya saa tatu.

"Nitamsubiri mimi," mama alisema.

"Hapana."

"Yarina, sikukuomba ruhusa."

"Watoto kumi na wanane watakuwa handakini kwa Stepan wakikuulizia. Watamtaka nani, mimi? Kosa ni langu, mama. Niache nilibebe."

"Kosa lako ni kosa langu. Mimi ndiye niliyekuzaa. Nimemaliza."

Mama akimaliza amemaliza, kila mtu Hlynivka analijua hilo. Yarina hakubishana tena. Asubuhi, watoto walipoingia kwa Stepan na mdogo mmoja akaanza kulia kwa kwikwi akimshika mwalimu sketi, Hanna Petrivna aliinama kumtuliza, na Yarina akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye ngazi. Lukyan alimwona. Alitaka kusema kitu. Yarina akamwekea kidole mdomoni, akapanda, akatoka.

Hakusimama mlangoni, hakuwa mjinga kiasi hicho. Alijilaza kwenye mtaro wa barabara, mkabala na ghala, na magugu yakamfunika. Mbingu ilikuwa safi, na mbingu safi kwetu ni habari mbaya. Mbali, juu sana, kitu kilikuwa kinavuma. Kilisogea, kikapungua, kikarudi. Mama wa Alizeti alikuwa anang'aa kwa jua la asubuhi, mzuri kweli kweli, na Yarina akamchukia.

Aliogopa. Tusidanganyane, aliogopa mpaka meno yakagongana. Alijaribu kusali, maneno yakamtoroka. Alijiambia kwamba labda Lukyan alikuwa sahihi, nani atapoteza bomu. Kisha akajiambia kwamba kama hakuna kitakachotokea, kijiji kizima kitasema walifungiwa shule bure, na hilo angelipokea kwa mikono miwili, wamseme mpaka uzeeni.

Vichaka vya upande wa bwawa vikatikisika. Bibi Motrya akajitokeza, kavaa kitambaa chake cha sikukuu, anamshika mkono mtoto mwenye utepe mweupe mkubwa kichwani, maua kifuani, mkoba wa buluu mgongoni. Utepe ule ungeonekana kutoka mwezini. Yarina alitoka mtaroni akakimbia ameinama.

"Bibi, rudi. Leo hakuna shule."

Bibi Motrya alisimama wima. "Nani kasema?"

"Mama. Mwalimu. Tafadhali, bibi, twende."

"Nimeamka usiku kuupiga wanga huo utepe. Nimetambaa kwenye matete na magoti haya. Mtoto huyu hajawahi kuona Kengele ya Kwanza, baba yake yuko vitani, mama yake yuko kaburini, na wewe mwana wa Hanna unatoka shimoni kama fuko unaniambia hakuna shule." Alimvuta mtoto kuelekea mlangoni. "Nitasikia kutoka kwa mwalimu mwenyewe."

Mvumo ulirudi. Safari hii haukupungua.

Yarina alimshika bibi mkono, akamgeuza kwa nguvu, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu mzima maishani mwake. "Bibi, nisikilize. Niliwaonyesha mahali hapa. Mimi. Picha ya ukuta huu ilienda dunia nzima pamoja na saa ya kengele. Wanajua. Nitukane baadaye, nipige, lakini sasa kimbia."

Bibi Motrya alimtazama, na jinsi alivyomtazama ndivyo Yarina alivyojua kwamba ameeleweka. Bibi akatema mate kando. Kisha akang'oa utepe kichwani mwa mjukuu wake kwa mkupuo mmoja, na wote watatu wakakimbia, Yarina kambeba mtoto na mkoba wake na kila kitu, bibi nyuma anahema, wakaufuata mtaro mpaka kwenye kona ya shamba la alizeti zilizokauka.

Bomu la kwanza lilipoanguka Yarina hakusikia mlio, alihisi tu ardhi ikimpiga kifuani. La pili alilisikia. Alikuwa juu ya mtoto, na bibi juu yake, na udongo ukanyesha juu yao wote, na matofali, na vipande vidogo vidogo vya vigae vya rangi. Kisha ikawa vumbi, na masikio yakalia, na Ulyana chini yake akawa anauliza kitu kile kile tena na tena mpaka Yarina akakisikia: "Maua yangu yako wapi?"

Bibi Motrya alijiviringisha akakaa. Damu ilikuwa inamtoka sikioni. Alimpapasa mjukuu wake kichwa, mikono, miguu, kila kidole. Halafu akamgeukia Yarina.

"Sijui nikushukuru au nikulaani," alisema. "Ngoja kwanza nivute pumzi."

Kupitia vumbi mtu alikuwa anakuja mbio barabarani, bila kuinama, bila kujificha, kitambaa kimemtoka kichwani. Alikuwa anaita jina la Yarina. Lukyan alimfuata nyuma akijaribu kumshika, asiweze. Hanna Petrivna alilifikia shimo lililokuwa ghala, akazunguka pembeni yake, akaanza kufukua matofali kwa mikono mitupu, anaita, anafukua, na Yarina kutoka kule shambani alijaribu kumwitikia lakini vumbi lilikuwa limemziba koo. Ikabidi ainuke aende. Ikabidi amguse mama yake bega.

Mama aligeuka. Alimwangalia kwanza kama mtu asiyemjua. Kisha akamzaba kofi, moja, kali, la shavu. Kisha akamkumbatia kwa nguvu hivi kwamba Yarina hakuweza kupumua, na wakabaki hivyo, mama akitetemeka mwili mzima, yule mama ambaye hakuwahi kutetemeka mbele ya mtu.

Askari walifika, na wakubwa wa wilaya nyuma yao, na mchana ukatolewa uamuzi ambao hakuna aliyebishana nao: watoto wote waondoke siku hiyo hiyo. Basi likaletwa. Stepan alipakia mapacha wake na magodoro bila kumtazama mtu. Bibi Motrya alipanda wa mwisho, sikio limefungwa bandeji, akilalamika kwamba kuku wake wataliwa na jeshi. Watoto walikuwa na mikoba yao ya buluu mapajani, na humo ndani, badala ya daftari, mama zao walikuwa wamejaza soksi na mikate na picha za ukutani.

Hanna Petrivna alisimama barabarani mpaka basi likapotelea chini ya nyavu. Hakupunga mkono. Alikuwa na vumbi la matofali hadi kwenye kope, na kucha za mikono yote miwili zilikuwa zimepasuka. Kisha akaja kwenye gari la Lukyan, akafungua mlango, akapanda, akaweka mikono yake mapajani.

"Haya," alisema. "Hakuna mtoto aliyebaki. Nipelekeni mjini."

Miaka mitatu Yarina alikuwa akiyaomba maneno hayo, kwa machozi, kwa simu za kilimani, kwa mishumaa kanisani. Akaingia akaketi kando ya mama yake. Lukyan akawasha gari, wakaenda, na njia nzima Yarina hakuweza kuinua macho amtazame mama yake.